Simu ya Mama Kola

"Na huyu wa leo anataka gari la kunyonya choo," Mama Kola alisema, simu kainyanyua juu kama mtu anayeonyesha panya aliyemnasa. "Choo. Mimi. Na mkononi nimeshika gauni jeupe la watu."

Bwana Kesho alikuwa kasimama katikati ya ngazi, hajui apande au ashuke. Kwa ule upole wake wa kuudhi akasema kwamba jambo hili wameshalizungumza, kwamba vijana wake hawana namba ya mama na hawajawahi kuwa nayo, na kwamba matapeli wa simu siku hizi wamezagaa mjini.

"Kwa hiyo mimi natapeliwa choo," Mama Kola akajibu.

Nilikuwa mlangoni kwangu na chanuo mkononi. Mteja wangu, kichwa nusu kimesukwa na nusu kimetimka, alikuwa keshatoka kitini akanisimamia nyuma ili asipitwe na neno. Sikumlaumu. Kwenye jengo letu ugomvi wa ngazini ulikuwa unakuja kama taarifa ya habari, na mimi ninayesuka nywele mlango wa pili ndiye niliyekuwa naurudia kwa waliochelewa.

Nikupange kidogo. Jengo lina sakafu mbili. Chini kuna mimi upande huu na Mama Kola, fundi wa nguo, upande ule, na ngazi zimepita katikati yetu. Juu ni ukumbi mmoja mkubwa ambao zamani ulijaa vitanda na makabati ya kuuza. Bwana Kesho akaupanga, akaweka meza ndefu, nyaya zikatambaa kama mizizi, halafu wakaja vijana na kompyuta zao. Mtaa ulimpa jina hilo kwa sababu kila sentensi yake inaanzia huko. Kesho mji huu utakuwa na kampuni changa kila kona. Kesho wenye mitaji watakuja wenyewe bila kubembelezwa. Mtu unamuuliza tu kama amelipia maji, anakupeleka kesho.

Lakini nisimwonee. Alikuwa na kazi nzuri ya ofisini, akaiacha. Alisema mji umejaa vijana wenye akili, ila kila mmoja amejifungia chumbani na wazo lake kama mtu aliyeficha kitu cha wizi, na ukija kusikia habari zake, keshahamia mji mwingine. Yeye alitaka wakae chumba kimoja, waazimane akili kama majirani wanavyoazimana chumvi. Mtoto wa dada yangu, tunayemwita Miwani, alikuwa mmoja wao. Alikuwa anatengeneza programu ya simu ya kumwambia mgonjwa duka gani la dawa lina dawa yake kabla hajazunguka mji mzima akirudi mikono mitupu. Dada yangu alilia Miwani alipoacha kazi ya benki. Mimi nilimwambia dada angoje kwanza, ingawa moyoni nilikuwa nalia naye.

Sasa, simu. Ilianza na mtu mmoja aliyetaka fundi wa bomba. Mama Kola akamwambia amekosea namba, wakaagana vizuri. Akaja aliyetaka daktari wa mbwa. Akaja wa keki, wa teksi, wa kubeba mizigo, wa kufundisha mtoto hesabu. Wote walikuwa na uhakika, wote walisema namba wameiona kwenye programu, na wengine walimtukana kwa kuchelewa. Siku moja alipiga mwanamume akitaka mkunga, mkewe ameshikwa na uchungu. Mama Kola akamwelekeza hospitali kwa sauti kavu kabisa, akakata, halafu akakaa mbele ya cherehani yake, hashoni, mpaka nikamletea maji.

Ungeuliza, kwa nini asibadilishe namba? Ndiyo, Bwana Kesho naye aliuliza hivyo, na ndiyo siku Mama Kola alipoacha kumwamkia. Mama Kola hana bango wala kadi za kugawa. Kila nguo inayotoka mikononi mwake, anaishonea namba yake kwa uzi mwekundu ndani ya kola, tarakimu ndogo safi, pale panapogusa shingo. Ndiyo maana ya jina lake. Tangazo lake linatembea mjini migongoni mwa watu tangu mimi sijafungua saluni. Akibadilisha namba, nguo zote zile zinakuwa bubu. Na sasa laini ilikuwa haiachi kulia. Familia ya bibi harusi mmoja ilihangaika siku nzima kumpata, ikakuta simu inatumika, ikaenda kwa fundi mwingine na kitambaa cha wasimamizi wote. Hilo lilimuuma kuliko vyoo vyote.

Yeye alikuwa na hakika kwamba Bwana Kesho ameiuza namba yake. Alilisema hilo kwangu, dukani, kwa mwuza magazeti, kwa yeyote aliyesimama. Vijana wa juu wakishuka, alikuwa akisimamisha cherehani ili wasikie wanavyonyamaziwa. Nao wakaanza kurudisha. Mmoja alimwita kikongwe wa uzi, akidhani hasikiki. Alisikika. Kesho yake Mama Kola alimwaga maji ya kufulia ngazini, akasema ndoo imemponyoka.

Mwenye nyumba ni mtu anayeogopa makelele kuliko moto. Habari zilipomfika, alitangaza kwamba mkataba wa juu unaisha, na yuko mfanyabiashara wa vitanda anayeutaka ukumbi urudi kuwa stoo. Kwa hiyo atakuja Jumamosi kuuliza wapangaji wa chini. Wakimtaka Bwana Kesho, abaki. Wakimkataa, mwisho wa mwezi aondoke na nyaya zake.

Wapangaji wa chini ni wawili. Mmoja jibu lake lilikuwa linajulikana mtaa mzima. Mwingine ni mimi, na Miwani alikuja kwangu, uso kama wa mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

"Mama mdogo," aliniambia, "tukitoka pale hatukai tena pamoja. Kila mtu atarudi chumbani kwake. Mimi nitarudi benki, kama watanichukua."

Nilimwambia nitasema ndiyo, lakini ndiyo yangu bila ya Mama Kola haina uzito wa pini ya nywele.

Jumamosi tulikaa saluni kwangu kwa sababu ndiko kwenye viti. Wateja hawakuondoka. Nani aondoke? Waliokuwa wamemaliza walikaa, na wawili walikuja bila hata nywele za kusuka. Mwenye nyumba alikaa chini ya kikaushio, ndicho kiti kilichobaki. Bwana Kesho aliingia na shati lake la bluu ya mawingu, lile analovaa siku za wageni wenye mitaji, limepigwa pasi mpaka linakata. Vijana wake walijazana mlangoni.

Mwenye nyumba akamuuliza Mama Kola. Mama Kola akasema waondoke, na waondoke kabla ya mwisho wa mwezi kama ngazi zinaruhusu.

Bwana Kesho akaomba kusema. Kwa mara ya kwanza sikusikia kesho. Alisema wengi wa hawa walimjia mmoja mmoja, kwa kuogopa, kwa kuficha, na imemchukua muda mrefu mno kuwafanya waambizane wanachofanya. "Nikiwatawanya siwapati tena," alisema. "Ukumbi mwingine nitapata. Watu hawa, hapana." Kisha akaharibu. Akasema anamheshimu mama, lakini haki ni haki, hawezi kufukuzwa kwa kosa la matapeli asiowajua.

Mama Kola alitoa simu akaiweka mezani, katikati ya mafuta yangu na vibanio, na wallahi simu haikutupa nafasi ya kupumua, ikalia. Akaiweka sauti ya nje. Mwanamke fulani, mchangamfu, alikuwa anataka keki ya watoto. Mama Kola akamuuliza kwa adabu kubwa namba hii ameitoa wapi. Yule mwanamke akataja jina la programu, akaisifu, akasema ina rangi nzuri.

Mlangoni nikaona Miwani amebadilika uso.

Alisema kwa sauti ndogo kwamba programu hiyo anaijua. Kijana aliyeitengeneza si wa juu, ila alipita Ijumaa moja, siku ambayo Bwana Kesho huwafungulia wageni ukumbi, akapewa mfano, akaenda zake. Mwenye nyumba akauliza mfano ni nini. Miwani akaeleza. Yeyote anayeanza, Bwana Kesho humpa programu ndogo ya kujifunzia, aliyoiandika mwenyewe zamani. Ni ya kuagiza huduma. Ndani yake kuna mtoa huduma wa kubuni, ana jina la kubuni na namba ya simu. Unainakili, unabadilisha jina, unabadilisha rangi, unaweka mambo yako juu yake. Kila mtu mjini ameanzia hapo.

"Na namba?" nikauliza mimi.

Miwani akafungua kompyuta yake juu ya goti, akatafuta, akaigeuza tuione. "Namba inatakiwa uifute kabla hujatoa programu kwa watu," alisema. "Wengi wanasahau." Halafu akamtazama Bwana Kesho. "Kaka, ni mfano wako."

Vijana wote wakaanza kufungua kompyuta zao pale pale kwenye mlango wangu. Nikasikia mmoja anasema nami ninayo, mwingine nami. Yule wa kikongwe wa uzi alikuwa wa mwisho, akaifunga yake taratibu.

Bwana Kesho alikuwa amekauka. Alisema ile namba aliitunga. Alisema hakuichukua kwa mtu, aliandika tarakimu tu, usiku akiwa peke yake, zilizomjia kichwani. Na ninaamini alikuwa haongopi, maana macho yake yalikuwa yanatafuta kama mtu aliyepoteza funguo.

Mama Kola alisimama. Ni mwanamke mfupi, ilimbidi anyooshe mkono. "Geuka," alisema.

Akageuka. Mama Kola akashika kola ya shati la bluu, akaipindua nje kama anavyopindua nguo yoyote, akasogeza shingo ya mwenye nguo pembeni kwa kidole kimoja. Uzi mwekundu. Akaisoma namba kwa sauti, tarakimu moja moja, na Miwani akaifuata kwenye kompyuta bila kupepesa.

"Shati hili nilimshonea mwanafunzi," Mama Kola alisema. "Alikuwa anahitimu chuo. Alikuja na mama yake, mama ndiye aliyesema. Yeye alikuwa anachezea simu."

Hapo ndipo Bwana Kesho alipokumbuka. Shati lilikuwa limetundikwa kwenye kiti usiku anaandika mfano. Alipofika mahali pa namba alihitaji tarakimu, akainua macho, akaziona. Na kwa kuwa mtu akiumbuka hukosa breki, akaongeza lile ambalo hakuna aliyemuuliza. "Nilidhani ni namba ya kitambaa," alisema.

"Kitambaa," Mama Kola alirudia. "Kitambaa kinapigiwa simu?"

Saluni ikalipuka. Wateja walicheka mpaka mmoja akashika kichwa chake kisifumuke. Mwenye nyumba alicheka akajigonga kwenye kikaushio. Vijana nao walicheka, kwa woga. Mama Kola peke yake hakucheka. Alikuwa bado ameshika kola ya watu.

Mwenye nyumba akajifuta machozi akasema basi, jambo limekwisha, ukumbi urudi stoo.

"Ngoja," Mama Kola akasema. Akamuuliza Bwana Kesho kama anaweza kuufuta huo mfano wake kila ulipokwenda. Bwana Kesho akasema hawezi. Aliwapa watu, watu wakawapa watu, hakuwahi kuuliza majina, ndivyo alivyotaka usambae. Hajui hata uko kwa nani. "Kwa hiyo huyu akihama leo," Mama Kola akamwambia mwenye nyumba, "anahama na starehe yake, mimi nabaki na simu. Hapana. Atakaa mlangoni kwangu. Simu ikilia, atapokea yeye. Mwezi ukiisha wewe njoo uniulize tena."

Ndivyo Bwana Kesho alivyowekwa kwenye kigoda.

Kigoda kilikuwa kizingitini, si ndani. Ndani kuna nguo za watu, alisema Mama Kola, na wewe una mkosi. Jua la asubuhi lilimpiga goti la kulia, la mchana likamhamia la kushoto. Watu walikuja kumtazama. Nisiseme uongo, saluni yangu haijawahi kujaa vile, na nilisogeza kiti cha kusukia karibu na mlango. Mama Kola hakumpa siku moja ya amani. Akieleza sana, aliambiwa afupishe, wenye harusi wanataka laini. Akisema haloo, aliambiwa hapa si ofisini, mwamkie mtu kwanza. Akiegemea mlango, aliambiwa mlango umepakwa rangi kwa hela ya mtu. Na yeye alijibu mara moja tu, siku jua lilipomzidi. Alisema kama mama angeuliza kwa upole tangu mwanzo, angeikagua ile namba.

"Niliuliza," Mama Kola akasema bila kuinua kichwa. "Ukaniambia kesho."

Nilisikia mwenyewe. Simu ikalia, akaipokea.

Lakini kuna kitu kilianza kutokea pale kizingitini. Mwanzo alikuwa akiwaomba radhi wapigaji na kukata. Baadaye akawa anauliza programu gani, anaitafuta, anampata aliyeitengeneza, anampigia. Anamwambia futa hiyo namba sasa hivi nikiwa kwenye laini. Halafu, kwa kuwa tabia haifichiki, anamuuliza na wewe unafanya nini hasa, na uko wapi. Wale wenye mitaji walikuwa wamemwambia mara nyingi kwamba mji huu hauna watu, una yeye na meza zake. Nadhani hata yeye alikuwa ameanza kuamini. Sasa wakawa wanatokea. Wasichana wawili wa sokoni waliokuwa wamewatengenezea wachuuzi njia ya kununua kwa pamoja. Mwalimu mstaafu. Yuko mmoja upande wa pili wa mji aliyekuwa anawatafutia madereva wa malori mizigo ya kurudi nayo. Alipoelezwa kwamba kuna ukumbi mzima wa watu kama yeye aliuliza kama ni lazima uwe umesoma ili uingie. Bwana Kesho akamwambia Ijumaa njoo.

Cherehani ilikuwa imesimama. "Alidhani yuko peke yake?" Mama Kola aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Mh," akasema, akakanyaga tena.

Ijumaa ikawa balaa. Walikuja wengi mno, wakajaa ngazi, wakamwagika mpaka kwangu, wakakalia hata beseni la kuoshea nywele. Mama Kola alitoka akawafokea wote kwa mkupuo mmoja, kwamba bibi harusi hawezi kupita, kwamba watoto gani hawa hawana makwao. Wakabana ukutani wakampisha bibi harusi kama rais. Yule wa malori alikuwa na suruali imechanika. Nikamwona Mama Kola anaitazama ile suruali kwa chuki, halafu anamvuta ndani kwa mkanda aishone. Alimlipisha.

Kelele za simu zikapungua. Siku moja ililia, Bwana Kesho akaamkia vizuri kama alivyofunzwa, akaomba radhi, akauliza mama, namba hii umeiona kwenye programu gani. Nikamwona anainuka kwenye kigoda.

"Anasema ameiona kwenye shingo ya gauni la dada yake," alisema. Akaingiza mikono tu mlangoni, yote miwili, simu juu yake kama sahani ya moto, miguu ikabaki nje.

Mama Kola alizungumza na yule mteja muda mrefu. Ilikuwa harusi kubwa.

Mwezi ulipoisha mwenye nyumba alirudi, mchana, wakati tunapakua. Huwa tunakula kwa Mama Kola nyuma ya pazia, mimi na yeye na yeyote aliye saluni, nafasi haijawahi kukosekana. Bwana Kesho siku zote hizo alikuwa anakula amesimama barabarani, au hali. Mwenye nyumba alisimama juani, hakutaka kukaa, akasema amekuja kwa lile neno. Yule wa vitanda anangoja. Waende au wabaki?

Miwani alikuwa kwenye ngazi. Sikumtazama.

Mama Kola alimaliza mshono kwanza. Alikata uzi kwa meno. "Mfanyabiashara wa vitanda ana watoto wa kunipisha ngazini?" aliuliza. Mwenye nyumba akasema hajui. "Basi wakae hao ninaowajua ubaya wao. Ila mtu akinipigia tena habari za choo, nitapanda huko juu na mkasi."

Mwenye nyumba akaondoka haraka, kabla hakijabadilika kitu. Bwana Kesho alisimama pale kizingitini, mdomo wazi, nikaona shukrani inamjia, ndefu, yenye kesho ndani yake.

"Usianze," Mama Kola alimwambia. "Umenizibia mlango vya kutosha. Nyanyua hicho kigoda, ingia nacho, nawa, ule. Chakula kinapoa na watu wanakungoja."